Uzi: Kinyweleo kilicholala, kilichokufa na kile cha maabara. Utafiti wa kuotesha nywele umefika wapi hasa?

Kemisti_Eastlando (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Ninafanya kazi kwenye kemisti moja huku Eastlands, na siku hizi swali la nywele linakaribia kulipita la kikohozi. Mtu anaingia na simu mkononi, ananionyesha vidio ya panya aliyeota manyoya mgongoni, kisha anauliza: "Hiyo dawa ya panya mko nayo?" Hatuna. Ila sababu ya kutokuwa nayo ni tamu kuliko vidio yenyewe, ndiyo maana nimeifungulia uzi.

Kabla hujatoa pesa popote, jiulize jambo moja: vinyweleo vyako vimesinyaa au vimekufa? Kinyweleo ni kile kifuko ndani ya ngozi ambamo unywele unachipuka. Ulizaliwa navyo vyote, na ngozi ya mtu mzima kwa kawaida haiongezi vipya. Kichwani kuna nywele kama 100,000 hivi. Kila kinyweleo kinafanya kazi kwa zamu: kinakuza unywele miaka 2 hadi 6, kinajifunga kwa wiki chache, kinapumzika karibu miezi 3, unywele unadondoka, kisha kinaanza tena. Kwa hivyo ukiona nywele 50 au hata 100 zimebaki kwenye kitana kwa siku, usipige nduru.

Upara wa wanaume ni hadithi ya kusinyaa. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, lakini wakipewa testosteroni, yaani homoni ya kiume, wale ambao upara uko kwenye ukoo wao wanaanza kunyonyoka. Kisha 1974 akina Julianne Imperato-McGinley wakaandika kuhusu familia fulani za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya wavulana wao huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT. Wakishakuwa watu wazima, mapanja yao hayarudi nyuma. Kutokana na kuzuia kimeng'enya hicho tulipata dawa ya finasteride, ambayo Marekani iliidhinisha kwa ajili ya nywele mwaka 1997. Minoxidil ilikuja kwa bahati: ilikuwa dawa ya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipozitaka, na 1988 ikaidhinishwa kupakwa kichwani.

DHT haiui kinyweleo mara moja. Inafupisha zamu ya kukua, kila mzunguko mfupi kuliko uliotangulia, mpaka kinabaki kinatoa laika tu kama ya mkononi.

Nitaendelea. Ulizeni.

Kipara_Mapema

Mzee, hapo kwa kusinyaa umenigusa. Nina miaka 26 na kinyozi wangu ashaanza kuniuliza "tufyeke tu yote?" Swali: kama kinyweleo bado kiko, kwa nini watu wanapanda ndege kwenda Uturuki? Si kiamshwe tu hapa hapa?

Kemisti_Eastlando

Swali lako ndilo walilojiuliza watafiti wa Pennsylvania. Mwaka 1990 George Cotsarelis na wenzake walionyesha kwamba seli shina za kinyweleo, zile seli mama zinazozaa seli nyingine, zinakaa kwenye kivimbe kidogo katikati ya kifuko, si kule chini kwenye mzizi kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2011 yeye na Luis Garza wakachukua ngozi ya sehemu yenye upara na sehemu yenye nywele za watu wale wale. Wakakuta kwamba seli shina kwenye upara ziko, idadi karibu ile ile. Zilizopungua sana ni seli za hatua inayofuata, zile ambazo seli shina inazizalisha ili zikajenge unywele. Ni kama mjengo ambapo vibarua wamefika saiti tangu asubuhi na wamekaa juu ya matofali kwa sababu msimamizi hajatoa kazi. Huyo msimamizi ni kifundo cha seli kilicho chini kabisa ya kinyweleo, papila, na utafiti mwingi tangu hapo unamzunguka yeye.

Mwaka uliofuata kundi hilo likakuta kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini D2 imejaa kwenye ngozi ya upara, na kwamba inazuia nywele kukua. Watu wakashangilia. Kukawa na kidonge cha kuizuia, setipiprant. Kilipojaribiwa kwa wanaume dhidi ya dawa tupu isiyo na kitu ndani, hakikuonyesha tofauti. Ninalitaja hili kwa sababu vidio hazilitaji kamwe. Sababu inaweza kuwa ya kweli maabara na bado isitoshe kuwa tiba.

Uturuki hawaoteshi chochote kipya. Wanahamisha. Norman Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwamba kinyweleo cha kisogoni kikihamishiwa utosini kinabaki na tabia ya kisogoni, hakiisikilizi DHT. Nzuri, lakini kisogo kina kiasi chake. Ukimaliza akiba umemaliza.

Msusi_KenyattaMarket

Shikamoo kwa wakubwa, wengine niaje. Mmeongea ya wanaume weee. Mimi nasuka Kenyatta Market na vichwa ninavyoviona vimeisha hapa mbele ni vya wasichana, si vya wazee. Hao nao wana hiyo homoni?

Kemisti_Eastlando

Dada, asante sana, nilitaka mtu wa kazi aingie. Hao si homoni. Ni kuvutwa. Na hapa utafiti bora umefanyiwa Afrika: Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 2007. Kwa watu wazima waliowapima, karibu mwanamke 1 kati ya 3 alikuwa na upotevu wa nywele wa kuvutwa. Kwa wasichana wa shule ilikuwa kama 17%, na waliotia dawa ya kulainisha walikuwa na tatizo zaidi ya wenye nywele asili. Kusuka juu ya nywele zilizotiwa dawa ndiyo hatari kubwa.

Ubaya wa kuvutwa ni kwamba kunaanza kama kusinyaa na kunaishia kwenye kufa. Miaka ya mwanzo, ukiachia, zinarudi. Ukiendelea, ngozi inaweka kovu, seli shina zinapotea, na hapo hakuna mafuta, hakuna dawa. Mara nyingi utaona mstari wa nywele fupi laini umebaki kipajini na nyuma yake pametupu.

Msusi_KenyattaMarket

Huo mstari naujua sana. Lakini mwelewe na sisi. Mteja akikaa kwa kiti anataka mstari uonekane, anataka ndogo ndogo, na anataka zidumu mpaka mwezi wa pili. Nikimlegezea anaenda kwa jirani na anasema mimi sijui kazi. Kuna mwenye asipomeza panadol usiku anaona hajasukwa.

Ninachofanya: za mbele naziacha nje au naanza bila fundo, naongeza nywele kidogo kidogo. Na rasta ndefu za kufika kiunoni simsuki mtoto. Ule uzito unaning'inia kwa nini? Kwa nywele nne.

Kemisti_Eastlando

Hiyo ya uzito ungeiandika kwa ubao mkubwa hapo sokoni. Nyongeza moja: vile vipele vyeupe vinavyotokea kwenye mizizi siku moja au mbili baada ya kusuka si "kichwa kuzoea". Ni vinyweleo vimewaka. Mwambie afumue, siku hiyo hiyo.

Mama_Tasha_Umoja

Mimi langu si la mbele. Limeanza hapa utosini katikati, duara, linaongezeka pole pole. Linawasha na saa zingine linachoma. Nimepaka mafuta ya mbarika, kitunguu maji, mpaka maji ya mchele. Nisaidieni.

Kemisti_Eastlando

Mama Tasha, pole. Sitakupa jina la ugonjwa kupitia simu, lakini nakuomba uache kupaka na umwone daktari wa ngozi, tena wiki hii ukiweza. Kuna aina ya upotevu unaoanzia utosini na kusambaa kwa duara, unaowapata zaidi wanawake weusi, na unaacha kovu. Kuwasha na kuchoma ni dalili kwamba moto bado unawaka ndani. Huenda daktari akachukua kipande kidogo cha ngozi akipime. Usikiogope, ndicho kinachoonyesha kama vinyweleo bado viko.

Kwa miaka mingi wanawake walilaumiwa kwamba wamejiletea wenyewe kwa pasi na dawa za nywele. Kisha 2019 kundi la Eli Sprecher wa Israeli, pamoja na madaktari wa Afrika Kusini na Marekani, likachunguza wanawake 58 wenye ugonjwa huu na kukuta karibu robo wana kasoro kwenye jeni moja, PADI3, inayohusika na kuunda mwili wa unywele. Kusukwa kunachangia, ila si peke yake. Mwulize mama yako na shangazi zako kama waliwahi kuwa nao.

Tiba ya sasa ni kuzima huo moto ili usile zaidi. Palipokwisha kupona kwa kovu ndipo sayansi ya kutengeneza vinyweleo vipya ingehitajika, na hiyo haijafika hospitalini.

Chiromo_Benchi

Naomba nichukue hapo, kwa sababu nasoma biolojia Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kutengeneza kinyweleo kipya: hadithi yangu ya kwanza ni ya mkono. Mwaka 1999, Colin Jahoda wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alijitoa vipande vidogo vya tishu inayozunguka vinyweleo vya kichwa chake, vikapandikizwa kwenye mkono wa mtafiti mwenzake, Amanda Reynolds. Baada ya wiki chache zikaota nywele nene pale mkononi, na walipopima wakakuta seli za kiume ndani ya papila. Mwili wa mwanamke asiye na undugu naye haukuzikataa! Yaani ule msimamizi wa mjengo wa Kemisti anaweza kuhamishiwa saiti nyingine akaandika vibarua wapya.

Basi si mchezo umekwisha? Zalisha papila kwenye sahani ya maabara, dunga kila mtu. Hapo ndipo walipokwama. Seli za papila za binadamu zikilimwa kwenye sahani bapa zinasahau kazi yake. Mwaka 2013 Jahoda na akina Claire Higgins na Angela Christiano wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, wakajaribu kuzining'iniza kwenye matone ya majimaji ili zijikusanye kuwa vidonge vya duara. Zikakumbuka, si kila kitu, lakini sehemu nzuri. Wakaziweka kwenye ngozi ya govi la watoto iliyopandikizwa kwa panya (ngozi isiyo na vinyweleo, wamefikiri hao), na seli za watu 5 kati ya 7 zikatengeneza vinyweleo vipya. Christiano mwenyewe amewahi kupata mabaka ya upara, kwa hivyo utafiti huu kwake ni wa nyumbani.

Mwaka 2020 timu ya Karl Koehler ikaanza mbali zaidi. Walichukua seli shina zinazoweza kuwa kiungo chochote, wakazilea zaidi ya miezi minne, zikawa vipande vya ngozi ya binadamu yenye vinyweleo, tezi za mafuta na hata neva. Wakizipandikiza kwa panya zinatoa nywele za milimita 2 hadi 5.

Milimita tano kwa panya. Hiyo ndiyo vidio unayotumiwa ikiwa na maandishi "UPARA UMEISHA".

Kipara_Mapema

Na ile ya kidonda? Kuna jamaa ananiambia ukichomwa na vile visindano vidogo nywele zinaota upya.

Chiromo_Benchi

Inatoka kwa Mayumi Ito na Cotsarelis, 2007. Panya mzima akipata kidonda kikubwa, zaidi ya sentimita moja kila upande, katikati ya kovu huota vinyweleo vipya kabisa. Nywele zake hutoka nyeupe, hazina rangi. Ilikuwa habari kubwa kwa sababu ilivunja ile kanuni kwamba baada ya kuzaliwa hakuna kipya. Lakini angalia binadamu: umeona kovu la kuungua lililoota nywele? Ngozi yetu inapona kwa njia nyingine. Visindano vinafanya kitu kidogo zaidi, vinachokoza ngozi na kusaidia minoxidil kupenya, na kuna majaribio madogo yanayoonyesha faida. Hakuna kinyweleo kipya hapo. Na kama jamaa anatumia sindano moja kwa wateja watatu, kimbia.

Panya anadanganya kwa njia nyingine pia. Vinyweleo vya mgongo wake vinaamka pamoja kwa mawimbi. Mnyoe wakati wimbi linakaribia, mpake hata maji ya ugali, ataota manyoya na utapata grafu nzuri ya kuchapisha.

Nywele_Halisi_Duka

Habari wapendwa. Tunayo seramu ya SELI SHINA kutoka ng'ambo, inaamsha vinyweleo vilivyokufa ndani ya siku 14. Mzigo umefika, barabara ya Dubois, Nairobi. 3,500 tu. Karibu inboksi.

Kemisti_Eastlando

Ndugu wa duka, karibu, lakini hapa tutakuuliza. Seli hai hufa zikitolewa kwenye joto na majimaji yake sahihi. Chupa iliyokaa kwenye kaunta, na kabla ya hapo kwenye kontena Mombasa, ina seli gani iliyobaki hai? Nyingi ya hizi seramu zina dondoo la seli za tufaha. Tufaha halina habari yoyote ya kumpa utosi wangu. Na "vilivyokufa" haviamki, tumeshasema.

Namba ya usajili kutoka Bodi ya Famasia na Sumu iko? Iweke hapa, si inboksi.

Nywele_Halisi_Duka

Ni kipodozi si dawa.

Kemisti_Eastlando

Basi usiseme kinatibu.

Mzee_wa_Kofia

Nyinyi vijana mnateseka bure. Mimi nilinyoa zote zamani, kila Jumapili asubuhi mia moja kwa kinyozi na mafuta kidogo, nang'aa. Bibi hajalalamika.

Ila nimesoma kitu: kuna mtafiti, Tina Lasisi, alichapisha mwaka 2023. Walichukua kinyago cha kupimia joto, wakakivika wigi za nywele halisi za binadamu, zilizonyooka, za mawimbi, na hizi zetu za kipilipili, wakakiwashia taa za kuiga jua. Za kipilipili ndizo zilizozuia joto la jua vizuri kuliko zote. Kipara kitupu ndicho kilichopokea joto zaidi. Kwa hivyo na mimi nina sayansi yangu: kofia.

Achieng_wa_Southi

Mzee umenichekesha. Mimi nauliza tu kuhusu rozimari na kitunguu, maana TikTok yote ni hiyo. Na nywele zangu mbona hazirefuki kama za wengine? Nimejifungua majuzi pia, zinatoka kwa mafungu.

Kemisti_Eastlando

Dada Achieng, hongera kwa mtoto. Kuanzia na hilo: ujauzito unaziweka nywele nyingi kwenye zamu ya kukua, ukijifungua zinaingia mapumziko pamoja, na karibu miezi 3 baadaye zinadondoka pamoja. Inatisha lakini vinyweleo viko salama. Kwa wengi zinarudi kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Ukiwa na uchovu mwingi kapime damu, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kuongeza.

Rozimari: kuna utafiti mmoja wa Irani, 2015, watu 100, uliolinganisha mafuta yake na minoxidil ya 2% kwa miezi 6. Vyote vililingana. Lakini hapakuwa na kikundi cha dawa tupu, na hiyo 2% ni ya nguvu ndogo. Kitunguu kilijaribiwa Iraki, ripoti ikatoka 2002, kwa watu wachache wenye mabaka ya duara. Hayo mabaka ni kinga ya mwili kushambulia vinyweleo, na mara nyingi yanarudisha nywele yenyewe. Kwa wenye hali mbaya ya aina hiyo, kwa kweli ndiko utafiti ulikozaa matunda: baricitinib, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, na kwenye majaribio zaidi ya theluthi ya waliomeza dozi kubwa walifikia asilimia 80 ya nywele za kichwa au zaidi baada ya wiki 36. Bei yake sitaki kuiongelea usiku huu.

Kuhusu urefu: nywele za Waafrika waliopimwa na akina Geneviève Loussouarn mwaka 2001 zilikua mikromita 256 kwa siku, za Wazungu 396 (mikromita 1,000 ni milimita moja). Na zetu zinakatika kwa urahisi kwenye mikunjo. Kwa hivyo nyingi zinakua, ila zinakatikia njiani. Huo ni mjadala wa kitana na unyevu, Msusi anaujua kuliko mimi.

Msusi_KenyattaMarket

Namuongezea: usichane kavu. Na blodrai ya kila wiki uiache.

Kipara_Mapema

Sasa mimi nifanye nini? Nisubiri hii ya maabara? Kuna dawa ya majaribio inaitwa PP405 wanaiongelea sana.

Chiromo_Benchi

PP405 inatoka kwenye utafiti wa 2017 wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA): seli shina za kinyweleo zikitengeneza zaidi laktati, kemikali inayobaki seli ikivunja sukari, zinaamka mapema. Mwaka 2025 kampuni ya Pelage ilitangaza kwamba kati ya wanaume wenye upotevu mkubwa zaidi kwenye jaribio lao, 31% waliongeza ujazo wa nywele kwa zaidi ya 20% wiki ya 8, na kwa waliopewa dawa tupu hakuna hata mmoja. Inavutia. Lakini hilo ni tangazo la kampuni, kikundi ni kidogo, wiki 8 ni muda mfupi. Jaribio kubwa ndilo litakalosema. Ukiiona Dubois leo, ujue ni maji.

Kemisti_Eastlando

Kusubiri ndiko kunakukosesha, kwa sababu kila mzunguko kinyweleo kinazidi kusinyaa, na hata hiyo ya kuamsha itahitaji kitu cha kuamsha. Miaka 26 ni umri mzuri wa kuanza. Mwone daktari akuandikie finasteride kama inakufaa, na akueleze madhara, maana wachache hupungukiwa hamu ya tendo. Kama mkeo au mpenzi ana mimba asiguse kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Minoxidil unaweza kupaka mwenyewe. Wiki za mwanzo unaweza kunyonyoka zaidi, usitupe chupa. Hukumu itolewe baada ya miezi 4 hadi 6, na ukiacha, ulichopata kinaondoka.

Kipara_Mapema

Sina mke. Nina paka analala kwa mto wangu. Hapo kuna shida?

Kemisti_Eastlando

Kuna shida kubwa, na nimefurahi umeuliza. Minoxidil ni sumu kwa paka, hata kiasi kidogo akilamba kinaweza kumuua. Ukishajipaka dawa, iache ikauke kabisa, nawa mikono, badilisha foronya, na kuanzia leo huyo paka atafutiwe mahali pengine pa kulala.

Kipara_Mapema

Hatakubali. Lakini sawa.